Panya, Kima na Usingizi wa Mraibu

MTAFITI: Niruhusuni nianze na jambo lisilo na mabishano. Mtu aliyetekwa na heroini anazo leo dawa tatu za kumtegemeza, yaani methadoni, buprenofini na naltreksoni. Mvuta sigara anazo zake, na mlevi wa pombe kadhalika. Ama yule aliyetekwa na kokeini au na methamfetamini, hana hata moja iliyokwisha kupewa idhini kwa maradhi yake na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, licha ya kutafutwa kwa miongo mingi. Jaribio mojawapo lililotia matumaini makubwa kwa methamfetamini, ambalo matokeo yake yalitangazwa mwanzoni mwa mwaka 2021, liliwachanganyia wagonjwa sindano ya naltreksoni na vidonge vya bupropioni, likawafaa watu 13.6 katika kila 100, dhidi ya 2.5 miongoni mwa waliopewa dawa bandia. Nasi tuliifurahia habari hiyo, na furaha yenyewe inatosha kukuonyesheni jinsi tulivyo maskini. Hoja yangu ni kwamba umaskini huu hautaondoka kwa kuwaacha wanyama, bali kwa kuwauliza maswali yaliyo bora, na katika maswali hayo mimi natanguliza la usingizi.

MTETEZI WA WANYAMA: Umeutaja umaskini huo kana kwamba ni dai lako juu yetu, Daktari, ilhali mimi nauona kuwa ni deni lako. Mwaka 1969 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha habari za kima waliotiwa mirija mishipani, wakaachiwa wajidunge wenyewe morfini, kokeini na amfetamini, na tangu siku hizo vizazi kwa vizazi vya kima na panya vimepita katika vyumba vya namna ile. Mwaka 1985 likachapishwa jaribio jingine ambamo panya waliachiwa kokeini usiku na mchana pasipo kizuizi, na zilipotimia siku 30, tisa katika kila kumi walikuwa wamekwisha kufa. Zaidi ya nusu karne imepita tangu kima wa Michigan, nawe mwenyewe umekiri, kwa ulimi wako, kwamba dawa ya kokeini haipo. Basi kabla hujaniomba kundi jingine la viumbe, nataka unieleze lile la kwanza lilinunua nini.

MTAFITI: Nitakujibu, ila kwanza nieleze kazi yenyewe ilivyo, kwa maana aghalabu hushutumiwa, na hutetewa pia, na watu wasiopata kuiona. Panya hulazwa kwa dawa ya ganzi kama alazwavyo mgonjwa wa upasuaji, mshipa wa shingo ukafunguliwa kidogo, ukatiwa mrija mwembamba unaopitishwa chini ya ngozi hadi kati ya mabega, ambako huungwa na mpira unaoning'inia kutoka juu ya kisanduku, ili mnyama aweze kutembea na kugeuka atakavyo. Ukutani mna wenzo mdogo. Akiukandamiza, taa huwaka, pampu huzunguka kwa sekunde chache, na dawa huingia katika damu yake. Hakuna anayemlazimisha. Wale ambao usingizi wao ndio unaopimwa hutiwa skrubu ndogo katika fuvu, na nyuzi katika misuli ya shingo, kwa sababu bila ya kuyasoma mawimbi ya ubongo na ulegevu wa misuli kwa pamoja huwezi kujua kama mnyama aliyetulia amelala usingizi mzito, au yumo katika usingizi wa ndoto, au amejikunyata tu macho yakiwa yamefumba. Kima, kwa upande wao, huweza kuvalishwa kola yenye kipimo cha mwendo, kinachoandika kila mtikisiko wao usiku kucha pasipo kisu kugusa ngozi. Nimeyasema yote, asije mtu akadai kwamba nimeonyesha kola nikaficha skrubu.

MTETEZI WA WANYAMA: Nakushukuru kwa unyofu wako, ambao si wote wa kazi yako walio nao. Lakini umelipitisha katikati ya maelezo neno moja ambalo siwezi kuliacha lipite, nalo ni kwamba hakuna anayemlazimisha. Mnyama aliyezaliwa kuishi kundini, akachimba, akapanda, akalala amebanana na wenzake, anapowekwa peke yake katika kisanduku chenye wenzo mmoja, hakuchagua kokeini. Alichagua baina ya kokeini na utupu. Bruce Alexander na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Simon Fraser huko Kanada, walilitambua jambo hili tangu miaka ya 1970, wakawajengea panya makazi mapana yenye wenzao na vitu vya kuchezea, nao wakanywa morfini kidogo kuliko waliotengwa. Mwaka 2007 watafiti wa Bordeaux waliwapa panya hiari ya nyenzo mbili, mmoja wa kokeini na mmoja wa maji yaliyotiwa utamu wa sakarini, na 94 katika kila 100 wakaiacha kokeini. Mwaka 2018, huko Baltimore, panya waliokwisha kuzoea methamfetamini walipopewa nafasi ya kumfungulia mlango panya mwenzao, walimchagua mwenzao. Je, kile kilichopimwa kwa miaka yote ile kabla ya hapo kilikuwa ni uraibu, au kilikuwa ni upweke tulioutengeneza kwa mikono yetu wenyewe, tukaupa jina la maradhi ya binadamu?

MTAFITI: Hoja hiyo ni nzito, nami siikwepi. Lakini hebu itazame imetoka wapi. Si Alexander, si watu wa Bordeaux, wala si wale wa Baltimore aliyeipata kwa kukaa barazani akifikiri; kila mmoja wao aliipata kwa panya. Hata njia ambayo hadi leo inawafaa waraibu wa kokeini kupita dawa yoyote, ya kumlipa mgonjwa hati ya kununulia vitu kila mkojo wake uonekanapo safi, njia iliyotiwa nguvu huko Vermont mwanzoni mwa miaka ya 1990 na ambayo hospitali za maveterani wa Marekani zinaitumia, msingi wake ni elimu ya tuzo na adhabu iliyojengwa juu ya panya na njiwa. Unanipiga kwa fimbo niliyokukatia mwenyewe.

MTETEZI WA WANYAMA: Fimbo hiyo ilikatwa mara moja, na mara moja ilitosha. Hakuna haja ya panya mwingine kuniambia kwamba mfungwa hutafuta cha kumsahaulisha kifungo.

MUUGUZI: Waungwana, mimi nimekaa kimya kwa sababu nyote wawili mna elimu kunishinda, lakini naona mmekuwa mkizungumza juu ya watu ambao mimi huwaona kila asubuhi. Katika zahanati zetu za methadoni, mteja huja dirishani, hutajwa jina, hupewa dawa yake katika kikombe kidogo, huinywa mbele yangu, kisha hunisemesha maneno mawili matatu ili nijue kwamba ameimeza, hakuificha shavuni. Tanzania ilianza kazi hii Muhimbili mwaka 2011, Kenya ikafuata miaka michache baadaye, nami nimewaona watu walioletwa wamebebwa, wakarudi kuwa wavuvi, mafundi na wazee wa nyumba. Sasa anakuja kijana mwingine, hana habari na heroini. Yeye ni mtu wa kokeini, au wa vile vijiwe vyeupe vya methamfetamini. Huyu hana dirisha. Namketisha, nampa maji, namsikiliza, na ombi lake la kwanza, kabla ya chakula, kabla ya kazi, kabla hata ya kuomba nimpatanishe na mamake, ni kwamba nimpe kitu cha kumlaza. Siku za mwanzo baada ya kuacha hulala kama maiti, mchana na usiku, hata nyumbani wakadhani amepona. Kisha huja majuma ambayo usingizi humkatikakatika, saa nane ya usiku yu macho, saa tisa yu macho, na saa kumi ameshavaa kanzu yake anatoka kwenda kutafuta kete. Wala si hao wa kokeini peke yao. Mla miraa wa miaka mingi naye huniambia kwamba handasi, yaani mchangamko wa miraa, ikimpanda haishuki, basi huishusha kwa pombe au kwa vidonge vya usingizi anavyonunua bila ya cheti, na ndivyo uraibu mmoja unavyozaa wa pili. Nisameheni basi nikisema kwamba swali langu mimi si la panya. Swali langu ni lini nitapata cha kumpa.

MTAFITI: Bibi Muuguzi ameieleza elimu yetu kwa ufasaha kuliko vitabu. Katika Chuo Kikuu cha Yale, wagonjwa wa kokeini walilazwa wodini na kupimwa mawimbi ya ubongo kwa majuma kadhaa baada ya kuacha, pakaonekana jambo la ajabu: wao wenyewe walisema kwamba wanalala vizuri kuliko walivyokuwa, ilhali vipimo vilionyesha kwamba usingizi wao unazidi kuharibika. Mraibu, kwa hiyo, hawezi kutegemewa kuwa shahidi wa usingizi wake mwenyewe, na hapo ndipo mnyama anapoingia. Na ile miraa aliyoitaja, kiini chake kikali, kathinoni, kilitambuliwa katika maabara ya Umoja wa Mataifa mwaka 1975, na kima walipopewa, walijidunga kama wajidungavyo kokeini. Jamii moja ya dawa, maradhi mamoja.

Nisikilizeni katika habari ya oreksini, maana ndiyo kiini cha maneno yangu. Mwaka 1998 makundi mawili ya watafiti, kila moja likifanya kazi peke yake, yaligundua katika ubongo wa panya kemikali itokayo katika chembe chache za haipothalamasi, na mwaka uliofuata Emmanuel Mignot na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, waliokuwa wakiwalea mbwa wenye maradhi ya kuangukiwa na usingizi wa ghafla, mbwa ambao mwenzao William Dement aliwaanzishia kundi tangu miaka ya 1970, walionyesha kwamba mbwa hao wana kasoro katika kipokezi cha kemikali ile ile. Oreksini ndiyo inayoushika ubongo uwe macho. Mwaka 2005 ikaonekana kwamba chembe hizo hizo huamka panya anapotafuta tuzo. Na panya aliyetumia kokeini kwa wingi huonekana kuwa na chembe za oreksini nyingi kuliko mwenzake. Basi kinachomkesha mraibu na kinachomrudisha katika kete yumkini ni kitu kimoja, na dawa izibayo oreksini, kama vile suvoreksanti, ambayo iliidhinishwa Marekani mwaka 2014 kwa watu wanaokosa usingizi, yumkini ikamtuliza katika yote mawili. Katika kima waliopewa methamfetamini, dawa ya jamii hiyo hiyo ilizuia ukeshaji uletwao na kichangamshi. Hakuna moja katika haya ambalo lingejulikana pasipo mbwa, panya na kima.

MTETEZI WA WANYAMA: Umesimulia vyema, ila umeruka vituo viwili, nami nitavitaja. Cha kwanza: madaktari walikwisha kuona, zamani sana, kwamba wagonjwa wa usingizi wa ghafla, ambao hupewa amfetamini mwaka baada ya mwaka, ni nadra kuwa waraibu wake, na uchunguzi huo ulifanywa kwa macho, kwa watu, bila ya mrija. Cha pili: mwaka 2018 Jerome Siegel na wenzake wa Los Angeles waliyapima mabongo ya watu waliokufa wakiwa watumiaji wa heroini, wakakuta chembe za oreksini zimezidi kwa asilimia 54, na njia ya kulifikia jambo hilo ilifunguka walipokuwa wakilinganisha mabongo ya binadamu, si ya panya. Na sasa nifikie jambo kubwa kuliko hayo. Dawa yenyewe, unasema, iko madukani tangu 2014. Watu wanaimeza. Madhara yake yanajulikana, kipimo chake kinajulikana. Kama kweli unamhurumia kijana aliyeketi mbele ya Bibi Muuguzi, kwa nini unarudi tena kwa kima? Mtoto ameshazaliwa, nawe ungali unampapasa mama tumbo!

MTAFITI: Kwa sababu suvoreksanti inajulikana kwa mtu asiyetumia kokeini. Moyo wa mtu wa kokeini umekwisha kuchakazwa. Shinikizo la damu yake hupanda na kushuka. Naye hachanganyi dawa mbili tu, huchanganya tano. Nani atakuwa wa kwanza kumeza kidonge hicho juu ya methamfetamini, na kwa kipimo gani, na apewe mchana ili apoteze hamu, au usiku ili alale? Nami nikwambie, ndugu yangu, ni nani atakayeletwa mahali pa mnyama siku mnyama atakapoondolewa, kwa kuwa jambo hilo limekwisha kutokea. Huko Lexington, jimbo la Kentucky, ilifunguliwa mwaka 1935 hospitali iliyokuwa pia ni gereza la waraibu, na ndani yake pakawa na kituo cha utafiti ambamo, kwa miaka mingi, wafungwa walipewa dawa mpya ili ijulikane kama zinaleta uraibu, na malipo ya wengine katika wao yakawa ni dawa za kulevya zenyewe. Kazi hiyo ilikoma katika miaka ya 1970, baada ya Baraza la Senati kuyasikiliza mashtaka. Sehemu kubwa ya wakati huo zilikuwapo kanuni za Nuremberg za mwaka 1947, ambazo zinataka jaribio kwa mwanadamu litanguliwe na elimu iliyopatikana kwa wanyama. Na wale waliozitunga walikuwa wametoka kuwahukumu madaktari waliofanya mambo yasiyosemeka. Sharti la mnyama halikuwekwa kwa ukatili. Liliwekwa ili kumlinda mfungwa, na maskini, na mraibu, ambao ndio hukamatwa kwanza.

FAKIHI: Wanangu, nimewasikiliza, na sasa nami nitie langu, maana mas'ala haya hayakuanza na maabara. Mnyama katika mafundisho yetu si chombo. Sisi tumesomeshwa habari za mwanamke aliyemfungia paka, asimlishe wala asimwachie ajitafutie, akaadhibiwa kwa ajili yake. Na habari za aliyemnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa madhambi yake. Kosa la yule mwanamke, litazameni vizuri, si kwamba alimpiga paka; ni kwamba alimfunga na kisha hakumpa badala ya kile alichomnyang'anya. Basi Daktari, kisanduku chako chenye wenzo mmoja kinaingia pale pale, hata kama unamlisha. Lakini wanazuoni pia wamekubaliana kwamba dharura hulihalalisha lililokatazwa, kwa kiasi cha dharura hiyo tu, haizidi hata unywele. Sina shaka kwamba uhai wa mwanadamu ni dharura. Shaka yangu iko katika kiasi. Mmoja wenu anithibitishie kwamba kila mnyama katika hao alikuwa ni wa lazima, na kwamba njia nyingine zilikuwa zimekwisha. Na liko swali jingine, nalisema kwa masikitiko: huyu panya hakuwahi kuitafuta kokeini. Mwanadamu aliitafuta. Ni haki gani inayomtwika asiye na hatia mzigo wa aliyejitwika mwenyewe?

MUUGUZI: Shekhe wangu, kwa heshima zote, hilo nalikataa. Njoo ukae nami asubuhi moja. Utamwona kijana aliyepewa kete ya kwanza na mjomba wake akiwa na umri wa mtoto wa madrasa. Utamwona baharia aliyekuwa akimeza vidonge ili akae macho zamu mbili mfululizo, kwa kuwa nahodha hakuajiri mtu wa zamu ya pili. Utamwona dereva wa lori la masafa marefu. Hawa hawakuitafuta starehe. Walitafuta kukaa macho, kwa sababu mkate wao ulikuwa katika kukaa macho, na sasa usingizi umewakimbia hata wanapouita. Ukimpima mgonjwa kwa hatia kabla ya kumpima kwa homa, hutabaki na mgonjwa hata mmoja wa kutibiwa, wa kisukari wala wa moyo.

FAKIHI: Umenijibu, nami nimekubali. Lakini hujamjibu panya.

MTETEZI WA WANYAMA: Mimi nitamsemea. Daktari, wewe unajenga daraja lako juu ya nguzo moja, kwamba mnyama anafanana nasi. Nguzo hiyo imekuangusha mara nyingi. Buprenofini iliwapunguzia kima kokeini, ikatangazwa mwaka 1989 kwa shangwe, lakini ilipopelekwa kwa watu haikuwa tiba ya kokeini. Rimonabanti iliwapunguzia wanyama hamu ya kila namna, ikaruhusiwa Ulaya mwaka 2006 kwa ajili ya unene, na mwaka 2008 ikaondolewa, kwa sababu watu waliingiwa na huzuni na fikira za kujiua. Panya hana namna ya kukwambia kwamba anataka kufa. Na kinyume chake ni kweli vilevile: disulfiramu, dawa ya walevi, ilijulikana huko Denmark miaka ya 1940 kwa watafiti walioimeza wao wenyewe, wakanywa pombe, wakaugua. Kwa hiyo, penye tofauti baina yetu na mnyama, yeye hukupotosha. Tuje sasa penye mfanano. Wewe utasema, na labda ni kweli, kwamba tamaa ya kokeini ina historia, ina mtaa, ina marafiki, ina deni la nyumba, na yote hayo panya hana. Ama usingizi, utasema, ni ule ule, mawimbi yale yale, ndoto zile zile, haipothalamasi ile ile. Basi nakuuliza: kama usingizi wake ni usingizi wetu, na mateso ya kuukosa si ndiyo yale yale aliyotusimulia Bibi Muuguzi, ya saa nane, saa tisa na saa kumi? Kadiri anavyokufaa zaidi kwa kufanana nawe, ndivyo dhulma yako juu yake inavyozidi. Huwezi kuuchukua mfanano katika daftari la elimu ukauacha katika daftari la huruma.

MTAFITI: Hilo ndilo jambo ambalo, katika yote uliyosema, nalichukua hadi nyumbani. Sitasema kwamba kima hateseki kwa kukesha. Nimesoma vipimo vyao, najua wanateseka. Ninachosema ni kwamba ulipofika penye mfanano umenipa pia jibu: usingizi ni mojawapo ya mambo machache katika maradhi haya ambayo mnyama anaweza kuyatolea ushahidi wa kweli, na kwa hiyo tumuulize hilo, tuache kumuuliza yale asiyoyajua. Hilo litapunguza idadi, litapunguza miaka, litaondoa majaribio ya kuwaachia kokeini hadi wafe, ambayo mimi binafsi sioni yanatufundisha nini tena. Tangu mwaka 1959 Waingereza wawili, Russell na Burch, walituwekea mizani: badilisha mnyama inapowezekana, punguza idadi, lainisha mateso. Naikubali mizani hiyo, na naongeza: kila panya wa uraibu awe na mwenzake na awe na chaguo jingine kisandukuni, na kila jaribio lililoshindwa lichapishwe kama lililofaulu, ili asife mnyama mwingine kwa kurudia kosa ambalo mtu alilificha kabatini.

MTETEZI WA WANYAMA: Mizani ya hiari, Daktari. Sheria ya Marekani ya ustawi wa wanyama, ya mwaka 1966, kwa marekebisho yaliyopitishwa mwaka 2002, haiwahesabu panya waliozalishwa kwa ajili ya utafiti kuwa ni wanyama hata kidogo. Wale walio wengi kuliko wote katika vyumba vyako, sheria haiwaoni. Bara Hindi lilipoona yanayowafika kima wake, liliufunga mlango wa kuwasafirisha mwaka 1978. Nasi wa Afrika ya Mashariki tunao tumbili na nyani wetu, na kipo kituo cha kuwatafiti huko Karen, Nairobi, kilichoasisiwa na Louis Leakey, kwa hiyo jambo hili tusilitazame kama ugomvi wa wageni. Mwishoni mwa mwaka 2022 Marekani yenyewe iliondoa katika sheria yake sharti la kwamba kila dawa ipitie kwa mnyama kabla ya mtu. Mlango umeshafunguliwa. Niambie ni matokeo gani yatakayokufanya utoke.

MTAFITI: Swali la haki, nalo lina jibu. Kama dawa irejeshayo usingizi kwa panya na kwa kima aliyetiwa kichangamshi itashindwa kuurejesha kwa watu, katika majaribio mawili yaliyofanywa kwa uangalifu na watu mbalimbali, basi ushahidi wa mnyama katika jambo hili ni batili, na mimi nitakuwa wa kwanza kusema vyumba vya usingizi vifungwe. Ama ikirejesha usingizi lakini isimwachishe mtu kokeini, sitavifunga, kwa kuwa kumlaza mgonjwa ni tiba yenyewe.

MUUGUZI: Na watu wa majaribio hayo mawili, hamtakosa, ninao vijana watakaokubali leo, na watasaini wakiwa wameelewa. Lakini wataniuliza jambo moja, nami sina jibu. Methadoni wanayokunywa wenzao dirishani hutolewa bure. Hivi vidonge vya oreksini vitakapofaa, vitakuja huku kwa bei gani?

MTAFITI: Bei haimo mikononi mwangu, bibi. Imo katika mikono ya wenye hataza na ya serikali.

FAKIHI: Basi dharura uliyoniletea nikupimie ni ya nani?

MTAFITI: Ni ya wagonjwa wote, Shekhe, wa Baltimore na wa Mombasa.

MTETEZI WA WANYAMA: Wa Baltimore, nakubali, uwapime dhidi ya kima wako. Huyu wa Mombasa mtoe katika mizani, Daktari, mpaka uje na karatasi inayosema kwamba dawa itamfikia.